Nakala za Akiba

Makasha na magunia ya hospitali yalishushwa bandarini Kilindoni Jumanne asubuhi, katikati ya masika ya mwaka sabini na tano. Adhuhuri ilipoadhiniwa yalikuwa bado nje, barazani mwa ghala, yamefunikwa turubai moja lililotoboka.

Mwatima binti Sleyum, muuguzi mkuu, alitelemka kwenda kuyatazama mara tu alipomaliza kufunga vidonda. Alimkuta Pazi, mtunza ghala, amekalia kasha mojawapo, anamenya chungwa.

“Shikamoo, Sista.”

“Marahaba. Pazi, mzigo wangu unafanya nini nje?”

“Ndani hapaingiliki.”

“Hapaingiliki kwa nini? Mbata si zilikwenda Dar mwezi uliopita?”

“Si mbata. Karatasi.”

Mwatima akausukuma mlango. Ulifunguka kiasi cha kupita mtu mmoja ubavuubavu, ukakwama. Ndani mlinuka wino na mikojo ya panya. Karatasi zilipangwa kutoka sakafuni hadi kwenye boriti, mafungu kwa mafungu, yamefungwa kamba za usumba, mengine yamekatika yakamwagika na kuziba njia. Aliuchomoa waraka mmoja kwenye fungu la karibu. Ulihusu kilimo cha mihogo vijijini. Wa chini yake ulikuwa huo huo, na wa chini yake pia. Fungu zima lilikuwa neno moja lililorudiwa mpaka likachusha.

“Za nani hizi?”

“Za ofisi zote,” Pazi alisema. “Kilimo, elimu, ujenzi, chama, utawala. Wanaziita nakala za akiba.”

Mwatima alilijua ghala lile tangu lilipokuwa mawe. Lilijengwa kwa kujitolea, wanaume wakivunja matumbawe na kuchoma chokaa, wanawake wakibeba mchanga na maji kichwani; yeye naye alijifunga kanga kiunoni akabeba, wakati huo akiwa muuguzi mgeni aliyetoka tu kwenye mafunzo. Watu waliambiwa ni ghala la pamoja: mavuno, dawa, vifaa vya shule, chochote kitakachowafaa. Kisha serikali ikagawa madaraka mikoani, ofisi zikaongezeka, na kila ofisi ikaanza kupokea nyaraka. Boti la Dar lilikuja lilipopenda, kwa hiyo bwana aliyepoteza waraka wake angeweza kungoja mwezi mzima kupata mwingine. Ndipo kila bwana akaona heri aweke nakala yake karibu. Kwa kuwa hakuna aliyemwamini mwenzake kumwazima, kila mmoja aliweka zake, na kwa kuwa mashine ya kurudufu haikuchoka, aliweka nyingi. Kabati zilipojaa, nakala zilitelemshwa ghalani. Kuingiza kulikuwa na amri. Kutoa hakukuwa na mwenyewe.

“Zitoe nje,” Mwatima alisema.

“Mimi?” Pazi aliacha kutafuna. “Mali ya serikali hiyo, Sista. Mpaka Bwana Muhidini aseme.”

Bwana Muhidini, ofisa utawala, alikuwa ameondoka na Landrova pekee iliyokuwa ikitembea, kwenda mkutanoni upande wa kaskazini. Stoo ya hospitali yenyewe iliezuliwa paa na upepo wa mwaka uliopita. Ndiyo maana hospitali nayo ilitegemea ghala. Mwatima alimwita mhudumu wake mmoja, wakajitwika wenyewe makasha mawili ya chupa za dawa, wakapanda nayo mlimani hadi wodini. Maziwa ya unga, yaliyokuwa ndani ya magunia ya karatasi, aliyaacha kwa safari ya pili. Alimwagiza Pazi ayainue juu ya mawe na kulikaza turubai.

Safari ya pili haikuwapo. Alipofika wodini alikuta mwanamke amekwama katika uchungu, na hakumwacha hadi alipojifungua. Mvua ilishuka alasiri, mvua ya upepo, inayopigwa ubavuni. Alfajiri Mwatima aliporudi ghalani turubai lilikuwa limenasa juu ya mnazi. Magunia yalikuwa yamepasuka, na baraza yote ilitapakaa uji mweupe ambao kunguru walikuwa wakiunywa.

Pazi alisimama kando, kofia mkononi. “Niliyainua, Sista. Wallahi niliyainua.”

Mwatima alikuwa akiwafikiria watoto wa Hasina.

Hasina alikuwa mke wa Kitwana, mvuvi wa Ndagoni. Alijifungua mapacha kabla ya wakati wao, wa kike na wa kiume, na baada ya siku chache titi moja likafanya jipu, homa ikampanda, na maziwa yakakauka. Watoto walikuwa wakilishwa maziwa ya hospitali kwa kijiko, na kopo la mwisho lilikuwa limebakiza ya kutwa moja. Kitwana alikuwa akilala chini ya mwembe wa hospitali, akisikiliza kama boti limekuja. Jumanne alikuja mwenyewe dirishani, anacheka, akamwambia mkewe: “Nimeyaona kwa macho yangu, mama watoto. Magunia kwa magunia.”

Sasa Mwatima ilimbidi aende kumwambia.

Alifanya alilojua. Mwanamke mmoja wodini, jina lake Binti, aliyekuwa na mtoto wake mchanga, alikubali kuwanyonyesha wa Hasina pia. Alisema wazi mbele ya Kitwana kwamba kuanzia leo hawa ni ndugu wa kunyonya na wanawe, wasije wakaoana, na Kitwana akaitikia. Yule wa kike, Mwanaharusi, alishika titi. Yule wa kiume, Shaibu, hakuwa na nguvu ya kuvuta. Walimkamulia kwenye kikombe, lakini maziwa ya mama mmoja kwa watoto watatu hayakutosha. Wakatafuta ya ng’ombe, yakamharisha. Mwatima alituma simu ya upepo Dar, akajibiwa kwamba shehena ilikwishapelekwa na kupokelewa.

Shaibu alikufa Ijumaa, watu wakiwa msikitini.

Mwatima alimfunga kidevu kwa kitambaa, akamkabidhi kwa baba yake. Kitwana alimpokea kwa mikono miwili, akamtazama, kisha akamtazama yeye.

“Walisema ghala limejaa,” alisema. “Limejaa nini, Sista?”

“Karatasi.”

“Karatasi gani?”

Mwatima alitaka kueleza, akakuta hana neno la kumpa mtu aliyebeba maiti. “Karatasi tu,” alisema.

Jumamosi aliingia ofisini kwa Bwana Muhidini bila kubisha hodi. Muhidini alikuwa mtu mwenye adabu zake, suruali iliyonyooshwa, kalamu mbili mfukoni. Aliinuka.

“Nimesikia, Sista. Pole sana. Kazi ya Mungu haina makosa.”

“Hii si kazi ya Mungu. Mungu alileta maziwa. Fungua ghala, karatasi zile zitoke.”

“Kaa kwanza.”

“Sikai.”

Muhidini akakaa yeye. “Nielewe, ndugu yangu. Mimi siwezi kugusa nyaraka za kilimo. Bwana kilimo hawezi kugusa za elimu. Utajuaje ipi bado inatumika? Kesho mkaguzi akija akaitaka? Andika ombi. Tutaunda kamati, kila ofisi itoe mjumbe, wapitie, kisha tuombe kibali mkoani.”

“Niandike ombi.”

“Ndiyo. Na nakala kwa kila ofisi, ili mtu asije akasema hakuarifiwa.”

Mwatima alisogea hadi kwenye meza. “Nakala,” alisema. “Na nakala hizo, Bwana Muhidini, zikishasomwa mtaziweka wapi?”

Muhidini alisogeza faili mezani.

“Nakuuliza! Mtaziweka wapi?”

Makarani wa chumba cha pili waliacha kupiga taipu. Muhidini akasema, kwa sauti ya kutuliza mtoto, “Usikasirike, Sista. Hasira hazijengi.”

“Ghala lile tulilijenga sisi. Najua kinachojenga.” Akatoka.

Alikwenda moja kwa moja bandarini, akamwambia Pazi afungue na kushikilia mlango. Pazi alitazama juu na chini barabarani, akafungua. Mwatima akajifunga kanga juu ya sare yake, akaingia ubavuubavu, akaanza kutoa mafungu na kuyarusha barazani. Mengine yalimvunjikia mikononi, mchwa wamekula katikati wakaacha ganda. Wapita njia walisimama. Wanawake wawili waliokuwa wakitoka sokoni waliweka vikapu vyao chini wakamsaidia bila kuuliza.

Fungu la saba au la nane lilikuwa na jina la hospitali.

Aliligeuza. Taarifa za vyoo vya vijijini, zote za miaka mitatu nyuma, na chini ya kila moja sahihi yake mwenyewe, imetoka kwenye stensili, ile ile, mamia ya mara. Nyuma yake palikuwa na fungu jingine. Na jingine. Ukuta mzima wa kushoto, mpaka dirishani, ulikuwa wa hospitali. Akakumbuka: kabati lilijaa, akamwambia karani, peleka ghalani, huenda zikahitajika. Hakurudi hata siku moja kuzitazama.

Alisimama pale na fungu mkononi. Alitamani lingekuwa la Muhidini. Alitamani sana. Hasira haikupungua, ilipata mtu wa pili wa kumkamata, basi, na mtu huyo alikuwa ndani ya sare yake.

“Sista?” Pazi aliuliza. “Hizo nazo?”

“Hizi za kwanza,” alisema, akazitupa nje kwa nguvu hata kamba ikakatika.

Kitwana alifika mchana. Alikuwa amemzika mwanawe Ndagoni, akarudi kwa miguu kumchukua Hasina. Aliona rundo barazani, akaona wanawake wakitoa, akaelewa. Akaenda duka la jirani, akarudi na kibiriti na chupa ya mafuta ya taa.

“Rudini nyuma,” alisema.

“Kitwana, ngoja.”

“Ningoje nini?”

“Si zote nakala. Zilizopigwa mashine zina mama yao, nakala ya asili, masjala. Hizo zichome zote, hata mimi nitakupulizia moto. Lakini humu mna zilizoandikwa kwa mkono, na hizo ziko peke yake duniani. Mna kadi za chanjo za watoto wa kijiji cha Baleni. Nimeziona. Zikiungua hatutajua nani amechanjwa ndui na nani hakuchanjwa.”

“Nyie mnataka kuchagua.” Kitwana aliinyanyua chupa. “Mwanangu alipewa nafasi ya kuchaguliwa? Karatasi ndiyo ichaguliwe?”

Mwatima aliona kwamba hana haki ya kumwambia atulie, na hakumwambia. Alimkabili tu, akasimama kati yake na rundo.

“Ukitaka kuchoma kitu cha watoto, anza na mimi,” alisema. “Ukitaka kuchoma upuuzi, nisaidie kuutenga.”

Kitwana akaweka chupa chini, akaokota fungu, akamwuliza Pazi, kwa ukali, “Hili?”

“Mashine,” Pazi alisema.

Kitwana akalitupa kushoto. Akaokota jingine.

Moto ulikuwa umekwisha kuwaka ufukweni Bwana Muhidini alipokuja, nyuma yake mabwana wa ofisi nyingine na mgambo wawili. “Huu ni uharibifu!” alipiga kelele. “Mali ya umma! Mgambo, zima moto huo!”

Mgambo mmoja alikuwa wa Ndagoni. Alimwona Kitwana, akasimama palepale.

“Karibuni,” Mwatima alisema. Sauti ilikuwa imemkauka kwa vumbi. “Mmekuja wakati mzuri. Yangu nimekwisha kuchoma, ndiyo yanayowaka. Yenu sijayagusa. Kila mtu achague yake ayabebe.”

“Tuyabebe wapi?” bwana elimu aliuliza.

“Ofisini kwako. Si unayahitaji?”

Bwana elimu alisogea kwenye rundo lake, akafunua hili na lile. “Hizi za zamani... lakini huenda...”

“Bwana elimu, mara ya mwisho uliingia ghala hili lini?”

Bwana elimu aliendelea kufunua. Mwatima akamgeukia bwana kilimo. “Na wewe?” Bwana kilimo alitazama bahari. Watu walikuwa wamejaa sasa, soko zima limeteremka, na kila swali lilipokosa jibu sauti ya chini ilipita kati yao kama ya nyuki.

“Mtoto amekufa,” Kitwana alisema, si kwa kelele. Aliwasemea wale mabwana, mmoja mmoja, akiwatazama usoni. “Alikuwa na jina. Anaitwa Shaibu. Na mvua imenyesha juu ya chakula chake kwa sababu ya vitu ambavyo hamtaki hata kuvibeba.”

Bwana ujenzi ndiye aliyekuwa wa kwanza. Alisema zake zichomwe, akaondoka haraka. Wengine waliona haya kuchoma mbele za watu, wakabeba. Muhidini alibeba zake zote. Alisema hatampa mtu yeyote sababu ya kumshtaki, akakodi mikokoteni, akajaza ofisi yake, na ofisi ya makarani, na ukumbi wa mikutano, mpaka makarani wakawa wanapiga taipu barazani.

Hakukaa nazo wiki. Siku ya tano mwenyewe alikwama kati ya meza na ukuta wa nakala zake za waraka wa mihogo, ikabidi avutwe mkono. Kesho yake palitoka moshi nyuma ya ofisi ya utawala, mchana kutwa, na hakuna kamati iliyokaa wala kibali kilichoombwa.

Ghalani Mwatima na Pazi walichora sakafu kwa chokaa. Kila ofisi ilipata kipande chake, hospitali nayo chake, na kipande kikubwa kuliko vyote, karibu na mlango, kikaachwa kitupu kwa mzigo unaoshuka. Pazi alipewa amri moja, na safari hii aliipenda: chochote kinachovuka mstari kinarudishwa kwa mwenyewe siku hiyo hiyo. Na kila ofisi ilete mtu wake mwanzo wa mwezi aonyeshe anachokihitaji bado. Asipokuja mtu, kipande kinafagiliwa.

Mwezi uliofuata Mwatima alipata barua ya onyo kutoka mkoani, kwa kuharibu nyaraka bila idhini. Ilikuja kwa nakala nne. Alibakiza moja.

Wakati ule alikuwa amekwisha kwenda Ndagoni kumtazama Hasina. Alimkuta uani, jipu limepona, Mwanaharusi amelala kwenye mkeka, ameanza kujaza mashavu. Binti alikuwa akija kila mara kumnyonyesha. Alikuwa na ndugu zake kijiji kile. Mwatima alimsalimu Hasina, akampima mtoto, akasifu uzito.

Hasina alikuwa akimtazama tangu alipoingia.

“Kitwana ameniambia ulivyowafanya wale mabwana,” alisema. “Watu wanakusifu mpaka huku.”

“Walistahili. Watu wale walijaza ghala la wananchi kwa takataka, wakaona mvua, wakaona...”

“Ameniambia na zako zilikuwamo.”

Mwatima aliangalia tena mshale wa mizani.

“Ukuta mzima, amesema.”

“Ukuta mzima,” Mwatima alikubali.

“Basi usiniambie ‘watu wale’.” Hasina hakupandisha sauti. Alimnyanyua mwanawe kutoka kwenye mizani, akamfunga mgongoni, akakaza kanga kwa fundo lililomfanya mtoto agune. “Kwangu usiseme watu wale. Sema sisi. Nikusikie.”

Kuku walikuwa wakiparua nyuma ya jiko. Mwatima alikuwa na mengi ya kusema: kasha alilolibeba kichwani, yule mwanamke aliyekwama, upepo. Yote yalikuwa kweli.

“Sisi,” alisema.

Hasina aliitikia kwa kichwa mara moja, si kwa kusamehe. Akaingia ndani, akarudi na maji ya kunywa katika kata, akampa mgeni, kwa kuwa njia ya Kilindoni ni ndefu na jua lilikuwa kali. Mwatima alikunywa akiwa amesimama. Kisha akachukua mizani yake akaondoka, na njia nzima hasira zake zilikwenda naye, ila sasa hakujua tena azielekeze upande mmoja tu.